Mtumbwi wa Fito wa Kujitengenezea Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikiuteremsha mtumbwi huu pwani ya Wete, Pemba, nasimamishwa mara tatu nne kabla sijafika majini. Wazee wanaugonga kwa kidole, watoto wanaunyanyua upande mmoja kuona kama kweli ni mwepesi, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mimi si fundi wa vyombo. Ni seremala wa milango na madirisha, na huu ni mtumbwi wangu wa kwanza, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyajua kwa kuyakosea.

Mtumbwi wa fito ni nini hasa?

Ni mtumbwi unaojengwa kwa kupanga fito nyembamba za mbao, ubavu kwa ubavu, juu ya kalibu zilizokatwa kwa umbo la chombo. Fito zikishikana, ganda linasuguliwa, linavikwa kitambaa cha faiba kilicholoweshwa epoksi (gundi ya maji inayoganda ikichanganywa na dawa yake ya kukazia), kisha linang'olewa kwenye kalibu na kuvikwa ndani vile vile. Usizifikirie fito za kujengea nyumba ya udongo. Hizi zina unene wa milimita 6 na upana wa kama milimita 20.

Watu huinama ndani kutafuta mataruma, zile mbavu za mbao za chombo. Hakuna. Nguvu iko kwenye ganda lenyewe: mbao katikati, faiba pande mbili. Likisukumwa na jiwe kutoka nje, faiba ya ndani ndiyo inayotaka kuvutika, na faiba haivutiki kirahisi. Ufito mtupu wa milimita 6 nauvunja kwa goti. Ukishavikwa pande zote mbili nasimama juu yake. Ndiyo maana anayevika nje tu ili apunguze gharama anajenga sanduku la mayai.

Ni ufundi wa wapi huu?

Wa Marekani Kaskazini. Kule Peterborough, Ontario, nchini Kanada, walikuwa wakijenga mitumbwi ya fito za mwerezi tangu karne ya 19, enzi hizo kwa mbavu na misumari midogo. Faiba na resini vilipopatikana katikati ya karne ya 20, mbavu zikaachwa.

Kwa nini usichonge mwembe kama watu wote?

Nionyeshe mwembe. Shina nene, lililonyooka, lisilo na uwazi ndani, la kutoa mtumbwi wa futi 16, ni mti uliopandwa na babu ya mtu, unaozaa, na wenye warithi saba. Kisha kuna kibali cha kukata. Mimi fito zangu zimetoka kwenye mbao sita za dukani.

La pili ni uzito. Wa kuchonga wa urefu huo unashushwa na watu wanne wakiimba. Wangu tuliupima kwenye mzani wa karafuu wa jirani, ukaja kilo 31. Naubeba peke yangu begani, maji yakiwa yamekupwa mbali na tope limefika magotini, na hapo ndipo utakapojua faida yake.

Lakini sitakudanganya. Mtumbwi wa mwembe unaburuzwa juu ya mwamba miaka na miaka na haulii. Wa fito ukiuburuza juu ya matumbawe siku moja umekwisha. Kama pwani yako ni ya mawe, chonga mwembe.

Mwerezi utaupata wapi Pemba?

Huupati, na usihangaike. Huo unaosifiwa kwenye mitumbwi ya Wakanada hata si mwerezi wa Lebanoni tunaousikia. Ni mti mwingine kabisa, na sifa yake kubwa ni wepesi: mita moja ya ujazo ikiwa kavu ina kilo 370 hivi. Mvule unapita 600. Kwa upande wa Bara kuna mwangati wa milimani, wenye harufu ile ile nzuri, lakini ni mzito zaidi na ni mti wa kuonewa huruma.

Mimi nimetumia paini, mbao hizi hizi za Bara zinazotoka mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, Iringa. Ni nzito kuliko mwerezi wa Wakanada, mtumbwi wangu umezidi labda kilo sita kwa sababu hiyo, lakini inapasuka vizuri, inapinda, na epoksi inaipenda. Iwe kavu. Mbao mbichi ukiifungia ndani ya epoksi umeifungia na maji yake. Mimi nilizipanga chini ya dari miezi mitatu, zikiwa na vijiti katikati ili upepo upite.

Msaji uache. Una mafuta yake ndani, gundi hailali vizuri.

Nahitaji mbao ngapi?

Hesabu ni hii. Mzingo wa mtumbwi katikati, kutoka ukingo hadi ukingo kupitia chini, ni kama mita 1.4. Gawa kwa upana wa ufito, unapata fito 70 na ushei. Urefu wa chombo ni mita 5, kwa hiyo unahitaji kama mita 350 za fito, kabla ya hasara.

Sasa hasara. Msumeno wa mashine unakula milimita 3 kila unapopita, na ufito wenyewe ni milimita 6. Kwa hiyo kila ufito unakugharimu milimita 9, theluthi yake inaanguka chini kuwa unga. Ubao wa inchi 1 kwa 8 uliopigwa randa unatoa fito 22. Mbao zetu ni za futi 12, yaani mita 3.65, hivyo ubao mmoja unakupa kama mita 80. Tano zingetosha kwenye karatasi. Nilinunua sita, na nikabakiwa na fito tisa tu, kwa sababu penye fundo ufito unakatika ukiupinda. Nenda dukani mapema, mwombe muuzaji akuache uchague mwenyewe, na uvumilie maneno yake.

Unga wa mbao usiumwage. Uchekeche, uuweke kwenye dumu. Utauhitaji kuchanganya na epoksi kuziba matundu.

Kupasua kwa msumeno wa mkono inawezekana?

Hapana. Peleka kwenye karakana yenye mashine, lipa, simama pale pale uangalie unene.

Kalibu zinapangwaje?

Kalibu ni vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kila kimoja kwa umbo la mtumbwi ukikatwa mahali pale. Zangu ni 15, zimesimama kila baada ya sentimita 30 juu ya boriti ndefu iliyonyooka, na mbili za ncha, ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma). Mtumbwi unajengwa kifudifudi, tumbo juu.

Hapa ndipo mtumbwi unapozaliwa mzuri au kilema. Kila kalibu ina mstari wa katikati. Mistari yote lazima ikae chini ya uzi mmoja uliovutwa kutoka omo hadi tezi. Mimi nilipiga uzi, nikapima maji, nikaridhika. Kalibu namba 7 ilikuwa imesogea milimita nane upande wa kulia. Niliiona? Niliiona. Nilisema fito zitaificha. Fito haziifichi kitu, zinakifuata. Leo mtumbwi wangu ukiuacha uende wenyewe unakwenda kushoto, na kila anayeketi nyuma lazima arekebishe kwa kafi. Wanangu wanauita Mkaidi.

Kwa hiyo baada ya kupiga uzi chukua ufito mmoja mrefu, ulaze juu ya kalibu zote, chutama, fumba jicho moja, tazama kutoka nchani. Jicho linaona kibonde ambacho rula haikioni. Palipo na uwazi pachomekee kabari, palipoinuka papige randa. Rudia ubavuni. Nilitumia jioni mbili kwa kazi hii, na ningetumia wiki ningekuwa na akili niliyonayo sasa.

Kingo za kalibu zivike selotepu ile pana ya kahawia. Gundi haishiki juu yake. Usipofanya hivyo mtumbwi na kalibu vitakuwa kitu kimoja.

Fito zinashikanishwaje?

Kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya kawaida. Haiwi na kazi kubwa, inashikilia tu mpaka epoksi ije. Anza kwenye ukingo, panda kuelekea tumbo, ufito mmoja kulia na mmoja kushoto kwa zamu, ama sivyo ganda linavutwa upande.

Kwenye mbavu zilizonyooka ni raha. Kazi inakuja pale ubavu unapogeuka kuwa tumbo: fito mbili zinakutana kwa pembe, na nje unabaki mwanya. Wenye ruta, ile mashine ya kuchongea kingo, wanachonga ukingo mmoja wa mviringo na mwingine wa mfereji, vinaingiana kama kifuniko. Mimi ruta sina. Nililaza mshazari kwa randa ndogo, ufito mmoja mmoja, nikijaribisha kila baada ya mikwaruzo miwili. Fito nne kwa jioni, kati ya alasiri na magharibi, mwezi mzima. Mke wangu alizoea kunikuta nimelala chali chini ya chombo na taa, natafuta mwanga unapopenya.

Kushikilia wakati gundi inakauka nilitumia misumari midogo iliyopitishwa kwenye vijipande vya plaiwudi, ili ing'oke bila kuumiza mbao. Kwa vile mbao zetu ni fupi kuliko chombo, fito zinaungwa: kata ncha kwa mshazari mrefu, mara nane ya unene, na viungo visikae mstari mmoja. Vitawanye kama matofali ya ukuta.

Kazi ya epoksi ifanyike lini?

Kama utasoma jibu moja tu, soma hili.

Maelekezo mengi ya mitumbwi hii yameandikwa na watu wa baridi, wanaowasha hita ili epoksi ikauke. Sisi shida yetu ni kinyume. Epoksi inazaa joto inapoganda, na kila nyuzijoto 10 zikiongezeka kasi inakaribia kuwa maradufu. Mchanganyiko wanaosema una dakika 40, kwetu mchana wa kaskazi una kumi na kitu. Siku yangu ya kwanza nilichanganya nusu lita ndani ya kopo la plastiki saa saba mchana. Nilikuwa nimepaka kama eneo la mkeka wa kuswalia nilipohisi kopo linachoma. Likaanza kutoa moshi, likalainika, nikalitupa uani, na kuku wakatawanyika. Asubuhi nilikuta jiwe la manjano lenye umbo la kopo lililokunja uso.

Mambo manne yaliniokoa baadaye. Kwanza, nunua dawa ya kukazia ile ya polepole, uwaambie wazi unafanya kazi kwenye joto. Pili, changanya kidogo, kisha mimina haraka kwenye trei pana. Ikiwa imetandazwa haijipashi. Tatu, subiri kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna ubaridi na mvua ni chache. Nne, anza alasiri jua likishuka. Mbao ikiwa inapata joto, hewa iliyomo ndani inatanuka na kutoka, inakuachia vipovu chini ya kitambaa. Mbao ikiwa inapoa, inavuta epoksi ndani. Nimeyaona yote mawili kwenye mtumbwi mmoja: upande wa kulia una ndui, wa kushoto ni kioo.

Kipimo cha dawa usikiguse. Kila aina ina uwiano wake, umeandikwa kwenye chombo. Kuongeza dawa ili ikauke haraka si kama kuongeza chumvi. Iliyozidi inabaki laini milele.

Na unyevu: hewa yetu ikiwa na majimaji, epoksi iliyokauka inatoa utando kama mafuta. Uoshe kwa maji na sponji kabla ya kupiga msasa au kupaka tena. Ukiusugua kwa msasa kwanza unaupaka tu.

Kitambaa kiwe cha namna gani, na epoksi kiasi gani?

Kitambaa cha kufumwa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, si ile faiba ya nyuzi zilizotawanyika. Mita 11 za upana wa mita 1.5 zinatosha nje na ndani. Epoksi lita 10 hadi 12. Kitandaze kikavu, kilaze kwa viganja, mimina katikati, sukuma kuelekea kingoni kwa kipande cha dumu kilichokatwa ukingo ulionyooka. Kikilowa vizuri kinatoweka machoni, mbao inaonekana tupu. Penye weupe hapajalowa. Paka tabaka tatu nje, mbili ndani.

Vaa glavu tangu siku ya kwanza. Wapo mafundi ambao mwili umekataa epoksi baada ya kuizoea kwa mikono mitupu, na ukishakataa haurudi. Unga wa msasa nao ni wa kufungia pua. Brashi na vyombo osha kwa siki kabla haijakauka.

Nina fundi wa boti za faiba ana resini yake ya bei nafuu. Haifai?

Ile ni poliesta. Inashikana vizuri na faiba yenzake, na mbao haiishiki hivyo. Ubao ukicheza na unyevu ukiingia, ganda linabanduka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Nunua fito chache ukibana matumizi, usibane hapa.

Sifa, yale mafuta ya papa, je? Au kalafati ya pamba na deheni ya kupaka?

Kwa mashua na dau, sawasawa. Kule kuna mbao nene na nyufa za kupokea pamba. Milimita 6 utakalafati wapi? Na sifa ni hatari zaidi: ikishanywewa na mbao, hakuna epoksi itakayoshika hapo tena. Nilimkuta shemeji yangu amekuja na kopo lake, kwa wema kabisa, anataka kunisaidia. Nilimkimbilia.

Baada ya epoksi kuna kupaka tena?

Lazima. Jua linaila epoksi, inapauka na kuwa unga. Ndani nimepaka vanishi ya kuzuia jua, nje rangi nyeupe. Wengi wanalaumu kwamba nimeificha mbao nzuri. Nyeupe haishiki joto, na chombo cheusi kilichoachwa pwani saa saba kinalainika. Anayetaka kuiona mbao aangalie ndani. Kikiwa hakitumiki kinakaa kifudifudi chini ya banda la makuti, juu ya vigogo viwili, si juu ya mchanga.

Ndani umeweka nini?

Ukingo wa juu ni fito mbili za mbao ngumu, moja nje moja ndani, zimebana ganda katikati. Kabla ya huo ukingo mtumbwi unatepeta kama ukili. Katikati kuna kipingo kimoja, kimechongwa kwa shingo ili nibebee.

Viti viwili nilivipeleka kwa mzee anayesuka vitanda vya kamba. Alicheka, akavisuka mchana mmoja, kwa kamba ya nailoni kwa sababu usumba ukilowa haukauki. Ni vyepesi, na makalio hayalowi. Nilivifunga juu mno mwanzoni; mtumbwi ulikuwa unatikisika kama bembea. Nikavishusha inchi mbili, ukatulia kana kwamba ni mwingine.

Omo na tezi nimeziba vyumba vya hewa, na humo ndani kuna madumu matupu yaliyofungwa, endapo chumba kitavuja. Kabla ya safari ya kwanza niliujaza maji makusudi, kwenye maji ya kifuani, nikaona unaelea. Fanya hivyo. Upo wa kukumbia maji ni dumu la lita tano lililokatwa, limefungwa kamba. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, hata kwa anayejua kuogelea tangu utotoni.

Nifunge tanga? Matengo? Mashine?

Tanga hapana, chombo hakina mkuku, ule uti wa chini. Matengo na ndubi, yale mabawa ya pembeni kama ya ngalawa, si kwa kuyafunga juu ya ganda hivi hivi. Bawa lile likipigwa na wimbi linakusanya nguvu zote sehemu moja, na sehemu hiyo ni milimita 6. Mashine, ami yangu, nunua boti.

Unafika nao wapi?

Ndani ya ghuba. Mtambwe na kurudi, kwenye mikoko maji yakijaa, na kisiwa cha Fundo siku iliyotulia nikiwa na mwenzangu. Nje ya Fundo siendi. Mkondo wa Pemba una kina kirefu na bahari yake si ya mtumbwi, hata ukiwa umekaa kama kioo asubuhi. Siku za bamvua angalia saa: maji yetu yanapanda na kushuka kama mita nne, na ukichelewa mikokoni utangoja kwenye tope mpaka yarudi. Mbu wa mikokoni hawana subira.

Unahitaji usajili?

Anza kwa sheha wako na kamati ya wavuvi ya shehia. Vyombo vya baharini viko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na ukivulia kuna leseni yake. Uliza kabla hujajenga.

Umekugharimu kiasi gani?

Bei zinapanda kila nikigeuka, kwa hiyo nitakupa uwiano: zaidi ya nusu ya fedha zote ilikwenda kwenye epoksi na kitambaa. Mbao zilikuwa kitu kidogo. Muda, miezi saba ya jioni na Jumapili.

Ukitoboka?

Pasugue mpaka kwenye mbao, osha chumvi kwa maji baridi, acha pakauke kabisa, si nusu siku bali siku mbili tatu, kisha kiraka cha kitambaa na epoksi. Umetoboka mara moja, kwenye jiwe la gati. Kiraka hakionekani chini ya rangi nyeupe, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda.

Unauuza? Au utanijengea na mimi?

Siuuzi, na kujenga mwingine sasa siwezi, milango ya watu imenirundikia. Lakini kalibu zote zimetundikwa ukutani barazani. Njoo na plaiwudi yako na penseli, zichore, zirudishe kwa mpangilio wa namba. Namba 7 usiogope, ule mstari wa katikati nimeuchora upya kwa wino mwekundu.